Mbwa Aliyefunzwa Mkeka

Alhamisi, tarehe sita Juni. Manyunyu tangu alfajiri, halafu saa nne jua likatoka ghafla, kali, vichochoro vikafuka mvuke.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nitaenda polepole nisimwonee mtu.

Mbwa aliletwa na mume wangu. Yeye ni mtu wa reli. Mwezi wa nne alirudi kutoka bara na kikapu, ndani yake mtoto wa mbwa wa ile jamii kubwa wanayotumia polisi, nyayo zake tayari nene kama mahamri. Akamweka jikoni, akala, akalala, kesho yake akapanda treni. Haki yake niiseme: tulikuwa tumeibiwa mara mbili, na mimi ndiye niliyelia kwamba naogopa kubaki peke yangu. Lakini nilisema naogopa. Sikusema nataka mbwa.

Tumepanga ghorofa ya juu hapa Mji wa Kale. Mama mwenye nyumba anakaa chini yetu, na darini, juu kabisa, tunaanika sote. Yeye ni mtu wa swala tano, na kwake mkojo wa mbwa ni najisi. Siku alipomwona alisimama mlangoni, buibui amelikusanya mkononi.

"Mwanangu, sikukatazi. Wezi nawajua. Lakini nikiona uchafu wake mahali pangu, mtahama nyote, na huyo mbwa wenu."

"Sawa, Mama," nikasema. Nyumba kama hii kwa kodi yetu hatuipati tena kisiwani, si mtaa wa Ganjoni wala wa Buxton.

Kumshusha chini mara nane kwa siku nilishindwa. Ngazi ni wima, na kichochoro ni cha watu wawili kupishana. Wanaume wanapita na kanzu nyeupe kwenda msikitini, naye hurukia kila kinachopepea. Kwa hivyo tukamfunza mkeka. Nilinunua mkeka wa ukindu sokoni Marikiti, nikaukata vipande vinne, nikaweka kimoja bafuni. Akianza kuzunguka na kunusa, nambeba hadi pale. Akikojoa juu ya mkeka, namtupia dagaa mmoja. Kwa wiki tatu akashika. Nilijisifu, nakubali.

Leo niliosha vipande vyote vinne kwa pamoja nikavining'iniza dirishani. Nikaingia jikoni kukaanga vitunguu. Mlango wa darini nilikuwa nimeuacha wazi kwa ajili ya nguo. Kufika saa saba naona nyumba kimya, nikapanda.

Mama mwenye nyumba alikuwa ametandaza juani mkeka wake wa kuswalia. Katikati pana doa bichi. Na yeye mbwa ameketi pembeni, sikio moja limesimama, jingine limelala, ananitazama. Anangoja dagaa wake.

Nilimpiga kofi. Na hilo liandikwe.

Halafu nikafanya jambo baya zaidi. Nilichota maji, nikasugua doa kwa sabuni ya unga, nikausuuza mara moja, nikautandaza tena palepale. Saa nane nikakutana na mwenyewe mlangoni kwake. Tukaamkiana vizuri. Nikamuuliza habari za mguu wake unaomuuma. Nikapita.

Nikampigia simu mume wangu nimtukane.

"Sasa unanipigia kuniambia mbwa amekojoa?" akasema. "Siku asipokojoa ndio unipigie."

"Ni wewe uliyeleta mambo ya mkeka!"

"Mimi? Mke wangu, mimi nilisema umshushe chini."

Nikakata. Nikafungua daftari hili nitafute siku ile, nimsomee ushahidi. Nikaukuta, kwa mwandiko wangu: *Leo nimepata akili. Nitamkatia mkeka.* Nilitamani kuurarua huo ukurasa. Nyumba nzima ya waswalihina, na mimi namfunza mbwa kwamba mkeka ndio choo.

Nikasikia hatua za Mama mwenye nyumba kwenye ngazi, anapanda kuuchukua mkeka kabla ya alasiri. Ningeweza kukaa. Ungekuwa umeshakauka, asingejua. Ila angeweka paji lake la uso pale, na mimi huku juu nikimsikia. Sijui kama ni wema ulionitoa au ni woga tu. Nilitoka mbio.

"Mama, usiuchukue huo."

"Kwani una nini?"

"Mbwa."

Mkono wake ukabaki hewani. "Lini?"

"Saa saba. Nimeuosha kwa sabuni."

"Na saa nane ukaniuliza mguu wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Mbwa hana akili wala hana dini. Wewe unazo zote mbili, au nimekosea?"

Akanituma mchanga wa kwenye chungu chake cha mrehani, kopo moja. Nioshe mara saba, ya kwanza kwa mchanga, ndivyo najisi ya mbwa inavyoondolewa. Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akahesabu.

"Moja hiyo. Sugua na huko pembeni. Mbwa wako hakukojoa kwa rula."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Mgongo unauma, maji nayabeba mwenyewe, na yeye anahesabu kama mwalimu. Nilitaka kumwambia mimi si mtumishi wake. Lakini kosa lilikuwa langu lote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba sina hata pa kuitupia hasira yenyewe.

"Saba," akasema.

"Tuhame lini, Mama?"

"Nilisema nini mimi?"

"Kwamba ukiuona uchafu wake."

"Nimeuona?"

"Hukuuona. Nimekwambia."

"Basi. Neno langu silirefushi." Akainuka kwa shida. "Na huu mkeka chukua."

"Lakini umeshatoharika, Mama! Mara saba!"

"Umetoharika. Moyo wangu bado. Mpe huyo mbwa wako, ndiye aliyefunzwa."

Akashuka bila kunitazama. Sasa niliosha kwa nini? Nilikasirika upya. Lakini moyo ni wake, siwezi kuusugua. Mkeka nimeuning'iniza nyuma ya mlango wa jikoni, kwa mbwa siuweki ng'o.

Magharibi nilimbeba mbwa chini, mzito kama gunia la unga, hadi kwenye vifusi nyuma ya nyumba. Akanusa, akanusa, akanitazama, anatafuta mkeka. Nusu saa. Tukapanda. Akakojoa jikoni.

Kila Alhamisi jioni Mama mwenye nyumba hutuletea sahani ya mkate wa sinia, imefunikwa kawa. Leo nimesikiza ngazi hadi isha, haikuja. Nimekula ugali na mayai na vile vitunguu vilivyoungua. Mbwa amekula ugali na dagaa.