Kung'uta Viatu Getini

Nyasi ndizo zilizotulisha, sikatai. Mume wangu alikuwa mtunza uwanja wa mpira, na watu walimwita Fundi Nyasi. Mpe kiwanja kikavu chenye vumbi: anakatakata ukoka vipande vipande, anavichomeka kwa mistari, anamwagilia, na haupiti muda wachezaji wanajitupa chini bila kuchubuka magoti.

Lakini ukoka huohuo uingie kwenye matuta yangu ya maua? Thubutu! Ukoka hauna adabu. Ukiukata kwa jembe umeuzalisha, maana kila pingili inaota upya. Mimi niliufuata kwa vidole mpaka ncha ya mwisho, nikauanika juani ukauke kabisa. Kuzunguka matuta nilizika vipande vya mabati, usije ukapenya chini kwa chini.

Na yeye alikuwa na sheria yake. Akirudi kazini jioni, haingii mpaka asimame getini, avue viatu, avigonganishe, akunjue pindo za suruali na kuzikung'uta. "Bi Palizi," ananiita, "hebu nikague." Siku akitaka kunichokoza ananikumbusha kwamba mke ni nguo, mgomba kupalilia. "Nguo nitajinunulia," namjibu, "wewe kung'uta hiyo suruali!" Tulizeeka hivyo, tukibishana na kucheka.

Alipostaafu, mambo yakaanza kwenda kombo. Anabandika birika jikoni halina maji. Anaulizia chakula na ameshakula, sahani bado iko mbele yake. Binti yetu akawa ananipigia simu: "Mama, baba hayuko sawa. Mpeleke hospitali."

"Uzee huo," nikamwambia. "Baba yako hata ujanani alikuwa anasahau."

Dalili ya mvua ni mawingu, nilijua. Niliogopa tu. Kumpoteza mtu huku bado unampakulia chakula, jambo hilo sikutaka hata kulisikia likitajwa.

Juzi asubuhi nikaenda kliniki kuchukua dawa zangu za presha. Narudi, nafungua geti.

Jamani! Matuta yangu!

Mawaridi yote yameng'olewa, yamelundikwa ukutani mizizi juu, kama magugu. Mabati yamefukuliwa. Na kwenye udongo wangu ule mweusi, nilioulea miaka na miaka, ukoka! Umechomekwa kwa mistari iliyonyooka, umeshindiliwa kwa mguu, umemwagiliwa ukalowa. Mkoba ukaniponyoka, vidonge vikatawanyika chini.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti katikati ya tuta, gunia tupu pembeni, anashindilia kipande cha mwisho.

"Una wazimu wewe?" Nilipiga kelele za kuamsha mtaa mzima. "Umefanya nini? Nakuuliza, umefanya nini?"

Akainua kichwa. Hakukasirika. Akanitazama kwa adabu, kama anavyowatazama wageni, akanyoosha mkono kunizuia.

"Samahani, dada, usikanyage hapo. Nyasi bado changa, na mechi ni Jumamosi."

Dada! Nikamkazia macho nikitafuta utani, maana utani wake naujua, huanzia kwenye kona ya jicho. Nikatafuta jicho hili, nikatafuta lile. Haukuwepo.

Akasimama, akajipangusa mikono, akanipita mpaka getini. Pale akavua viatu. Akavigonganisha. Akakunjua pindo za suruali, akaanza kuzikung'uta polepole, moja kisha nyingine.

"Unafanya nini?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

"Nafunga kazi, dada, naenda nyumbani." Akacheka kidogo. "Mke wangu ana bustani ya maua, we acha tu! Nikimpelekea hata kipande kimoja cha ukoka, leo silali ndani."

Nyuma yake matuta yalikuwa yamejaa kijani. Akaninyooshea mguu.

"Hebu nikague, tafadhali. Macho yangu siku hizi siyaamini."

Nikainama, machozi yananidondoka, nikamkagua.