Mji Wangu na Mabasi ya Zuhura

Juzi mjukuu wangu alitikisa dado ndani ya kikombe cha bati, na mlio ule ukanirudisha Bagamoyo, barazani kwetu, miaka michache baada ya uhuru. Sisi hatukuwa na dado. Tulirusha simbi, kauri za pwani, juu ya sanduku la majani ya chai lililopinduliwa, na jinsi zilivyoanguka ndivyo mambo yalivyotokea mjini kwangu.

Nasema kwangu kwa sababu mchezo ule niliubuni mimi. Nilichora mitaa kwa mkaa juu ya sanduku, na kila mtoto akawa mtu: muuza halua, bibi harusi, mwalimu wa chuoni. Shoga yangu Mwanaidi alikuwa mke wa kadhi, akaongea puani mchana kutwa, hata alipotumwa dukani. Simbi zikianguka vibaya, mtu huugua au huibiwa kuku. Mimi ndiye niliyeamua. Nilijiona sultani.

Ndipo akaja Zuhura kutoka Msata, kukaa kwa shangazi yake, nyumba ya pili. Alikuja na mfuko wa vizibo vya soda. Kila kizibo kilikuwa basi au lori, na wenzangu wakawa madereva, matingo na abiria. Njiani lolote liliweza kutokea: tairi kupasuka, simba kulala barabarani, mama kujifungua juu ya magunia ya mahindi.

Baraza letu likawa tupu. Mwanaidi ndiye aliyeniuma zaidi, maana kule alikuwa tingo tu, na bado alicheka kuliko wote. Niliwasikia kutoka jikoni nikikuna nazi. Nilichukia hata jinsi Zuhura alivyosuka nywele. Nilimwomba Mungu mvua inyeshe, lakini upande wao tu.

Mwishowe nilikwenda. Nilitaraji anisimange. Zuhura alisogea mkekani, akanipa lori lake zuri kuliko yote, akaniambia, “Kaa hapa, endesha wewe.” Wivu ukanizidi. Afadhali angenifukuza.

Mchezo wake nao haukudumu. Kaka mmoja alileta karata, watoto wakahamia huko, na sisi wawili tukabaki tunatazamana.

Miaka mingi baadaye mimi na Zuhura tulikutana kwenye harusi ya binti wa Mwanaidi. Nikamsimulia nilivyomwonea wivu, nikitaraji tucheke. Alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa.

“Shoga, mwenye wivu nilikuwa mimi,” alisema. “Mama aliolewa Ubena, akaniacha kwa shangazi. Magharibi ikifika mama zenu walikuwa wanawaita, mnakimbia. Mimi haniiti mtu. Basi nilikuwa nikiirefusha safari, ili msiondoke.”

Siku zote zile nilikuwa nimezitazama nyuso za walionihama. Uso wa Zuhura, pale tulipokuwa tukitawanyika na kumwacha anaokota vizibo peke yake, sikuutazama hata mara moja.