Mshumaa Kwenye Kiti cha Dada

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kwa kushona sina neno naye. Suti yake ukiivaa, hata kitambi kinatii. Lakini kukaa! Mtu huyu hajui kutulia mahali. Kila Jumapili alikuwa anaingia kanisani wa kwanza, anawasha mshumaa mbele ya sanamu ya Bikira Maria, anapiga ishara ya msalaba kama anayefukuza nzi, kisha huyo, karudi dukani. Injili inasomwa, yeye anatia vifungo.

Ukimuuliza, anakujibu bila aibu: "Padri mwenyewe alifundisha. Ukiacha mshumaa unawaka, unabaki kanisani kwa niaba yako."

Jamani! Padri alisema ni ishara kwamba moyo wako umebaki pale. Moyo wa shemeji ulikuwa dukani, karibu na pasi.

Dada yangu, mkewe, alivumilia. Mtoto wao alipopata kipaimara, baba mtu aliwasha mshumaa. Mama yetu alipovunjika mguu, akawasha mwingine. Mwaka huu dada akalazwa, akapasuliwa uvimbe tumboni. Wenzake wodini wanaletewa uji na waume zao, yeye anachungulia mlango, anaingia nani? Mimi. Siku ya kuruhusiwa ndipo shemeji akatokea mbio mbio, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Mke wangu," akasema kwa majivuno, "nilikuwashia ule mnene kuliko yote!"

Dada akanikabidhi mfuko wake wa nguo, akatangulia mlangoni. Nikajua leo kimenuka.

Alitufikisha nyumbani, huyo, karudi dukani; jioni alipotoka kazini akakuta nyumba kimya. Mezani sahani moja, tupu. Na kwenye kiti cha dada, juu ya kisosi, mshumaa unawaka. Mimi ndiye niliyeuwasha tulipomsikia anafungua geti, tukatokea mlango wa nyuma.

Mengine alinisimulia mwenyewe baadaye. Kwanza alidhani umeme umekatika. Akaita, wapi! Akauliza chakula kiko wapi. Halafu akaelewa, akaketi mbele ya ule mshumaa mpaka ukaisha.

"Shemeji," aliniambia, "ule mshumaa haukuniuliza hata siku yangu ilikwendaje."

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Asubuhi akaja kwa mama, tulikokimbilia. Nikamzibia mlango.

"Umekuja mwenyewe, au nilete kisosi?"

"Nimekuja kukaa," akasema, akajibwaga kwenye benchi la nje. Wateja wakapiga simu, akaizima. Jua likamchoma, hakubanduka. Mama akaanza kunung'unika, "Mwiteni ndani huyo, mkwe wangu ataungua." Dada akajitia hasikii. Analala, anaamka, anachungulia dirishani, anarudi kulala. Saa za alasiri akachungulia tena, akamkuta bado yupo palepale, futi shingoni. Hapo akaniambia nimfungie mizigo yake.

Jumapili iliyofuata shemeji akawasha mshumaa, akageuka. Nikasema moyoni, haya, huyoo! Kumbe anakuja kuketi kati yetu. Mahubiri hayajafika nusu, akaanza kukoroma. Watu wanageuka, padri anakohoa, mimi aibu zimenijaa. Nikanyoosha kiwiko nimchome mbavu. Dada akanidaka mkono.

"Mwache alale," akaninong'oneza. "Leo yupo."