Jumba la Kufikia Krismasi

Juzi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Bukoba, mama mmoja mzee kutoka Izigo aliomba kufuli la mlango wa jiko la nje. Muuzaji akacheka.

“Mama, si wanao walinunua mabati hapa wakakujengea jumba?”

“Walijenga, mwanangu. Kwanza wakabomoa nyumba ya baba yao, aliyoijenga kwa pesa za kahawa. Walisema inawatia aibu wakija Krismasi.”

“Sasa kufuli la jikoni la nini?”

Alikaza khanga yake taratibu. “Ndiko ninakolala. Funguo za jumba ziko Dar es Salaam.”

Sisi Wahaya tumejenga mpaka nimechoka kusifia. Ukipita Izigo ukaona jumba linang'aa, usijisumbue kugonga mlango wa mbele. Zunguka nyuma, kunakotoka moshi.