Sayari Isiyo na Sauti, Mtaa Usionyamaza

"Tahadhari, tahadhari. Wakazi wote wa Kichochoro cha Hari Kobiraj, wakubwa kwa wadogo, wenye nyumba na wapangaji wanaokwepa wenye nyumba, mnatangaziwa kwamba kamati ya sikukuu, baada ya kikao kizito na chai nyingi, imeamua kwa kauli moja kuwa mwaka huu banda letu la kumwabudia mungu wa kike, Mama Durga, litajengwa kwa sura ya Sayari ya Nirob, iliyobuniwa na fahari ya mtaa, mpasua mbingu, mwandishi Bhabatosh Kundu, ambaye muda huu yuko ghorofani kwake, anafikiri."

Hakuwa anafikiri. Alikuwa amejiziba masikio kwa vidole viwili, kalamu ameing'ata menoni kama mbwa na mfupa. Spika iliyotoa tangazo ilifungwa, kama kila mwaka, kwenye nguzo ya umeme, na mdomo wake ulielekea dirisha lake hasa, kana kwamba habari ilimhusu yeye tu na wengine walikuwa wakidukua.

Nirob ilikuwa sayari ya riwaya yake ya mwaka uliopita. Haikuwa na hewa, kwa hiyo haikuwa na sauti. Wakazi wake walizungumza kwa kubadilisha rangi za ngozi. Mke na mume wakigombana, majirani walitoka kutazama kama watu wanaotazama machweo. Kalkuta nzima iliisoma. Hata muuza samaki wa sokoni, ambaye humwuzia Bhabatosh samaki wa jana tangu zamani, alimwuzia wa leo kwa wiki nzima.

Lakini hiyo ni ya mwaka jana. Ya mwaka huu, ya rubani anayerudi Nirob, ilikuwa mezani, haina mwisho, na mhariri Sutapa Lahiri alikuwa ameshasema neno lake: mvua za mwezi wa Srabon zikiisha kabla riwaya haijafika, nafasi ya Bhabatosh kwenye toleo nene la sikukuu la jarida lake atapewa yule kijana anayeandika kuhusu simu zenye mashetani. Nafasi hiyo ilikuwa ya Bhabatosh tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mwandishi wa sayari na majini akikosa toleo la sikukuu, mwaka mzima ni marehemu. Hana pengine pa kubisha hodi. Majarida ya watu wazito humwona mwandishi wa watoto, na watoto humwona babu.

Kabla spika haijapoa, Haradhan Santra alikuwa mlangoni. Haradhan ndiye katibu wa kamati, na ndiye mwenye ile sauti. Siku za kawaida huuza vigae na vyoo vya kukalia.

"Kaka Bhabatosh, nimekuja na maswali machache ya kitaalamu," alisema, akavuta kiti bila kuambiwa. "Watu wa Nirob masikio yao yakoje?"

"Hawana masikio. Wayafanyie nini?"

"Aa. Fundi ameshayatengeneza. Makubwa, kama ungo."

"Ayatoe."

"Yamependeza, kaka. Tuseme ni ya urembo." Haradhan alichota bisi za mchele kwenye bakuli la mwenyeji. "Halafu kimya. Kimya tutakionyesha vipi?"

"Kwa kunyamaza, Haradhan."

Haradhan alicheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Sasa watu watajuaje kuna kimya kama hakuna anayewaambia? Tumerekodi tangazo. 'Karibuni kwenye sayari ya kimya, mnaombwa utulivu.' Litarudiwa mfululizo, na nyuma yake ngoma. Kesho tunaanza kulijaribu."

"Kulijaribu mpaka lini?"

"Mpaka sikukuu. Vyombo vya umeme havitabiriki."

Wakalijaribu. Asubuhi spika iliomba utulivu, mchana ikaomba utulivu, jioni ikaomba utulivu kwa mwangwi, maana mtu alikuwa amegundua kitufe cha mwangwi. Bhabatosh akahamia jikoni, akafukuzwa na mvuke wa dengu. Akahamia bafuni na kuandika juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpaka mkewe, Ketaki, akagonga.

"Rubani wako ameshatua, au nikaoge kwa jirani?"

"Hajatua. Kila akifungua mdomo anasema 'mnaombwa utulivu'. Nimemfuta mara ngapi sijui."

"Wewe si ndiye uliyelia huna wasomaji mtaani? Basi wasomaji ndio hao."

Alikwenda hata kwa dada yake, mjini Barasat. Huko shemeji yake, mhasibu mstaafu, alimkalisha na kumweleza kwa nini chombo cha angani cha sura ya nne kisingeweza kuruka, kisha akamwuliza ataandika lini kitabu cha kweli. Bhabatosh akapanda treni ya kurudi siku hiyo hiyo. Kelele za nyumbani angalau hazikuwa na maoni.

Sutapa alipiga simu. "Kaka Bhabatosh, mchoraji ameshamaliza picha. Chombo chako kimetoka kama bilinganya, lakini ni bilinganya lenye heshima. Mwisho uko wapi?"

"Sutapa, nipe siku chache. Husikii hii kelele?"

"Nasikia mtu anaomba utulivu. Mimi pia naomba, na kurasa. Yule kijana wa mashetani ameshaleta zake, zimepigwa chapa, hata makosa hazina."

Ndipo alipovaa ndala na kuteremka kwenye klabu ya kamati. Watu walikuwa wakicheza karata, juu yao mianzi ya banda imeshasimama, na viumbe vya Nirob vimepangwa ukutani na masikio yao ya ungo. Aliomba, na kuomba hakumkai vizuri, wazime spika mpaka mvua ziishe. Hakuomba zaidi ya hapo.

"Kaka, tungezima," Haradhan alisema, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Lakini watu watasema mtaa hauthamini mwandishi wake."

Bhabatosh alirudi juu, akakaa mezani, dirisha wazi, na hakujiziba kitu. Hasira zilikuwa zimempanda mpaka zikatulia, kama maji yanavyotulia sufuria ikishafurika. Akaandika. Nirob ikashukiwa na mfalme kutoka nje, jina lake Horodhon, mwenye mdomo kifuani na mwingine mgongoni, aliyekuja kuuza vyoo kwa viumbe wasioenda haja. Alileta hewa ndani ya mapipa, ili sauti yake ipate pa kupita. Viumbe wakageuka rangi zisizo na jina. Mwishowe mmoja wao alimwekea ukuta wa vigae mbele, hotuba yake ikagonga, ikamrudia, naye akafa kwa kuisikia.

Alipeleka kurasa kwa mkono wake, mvua ya mwisho ya Srabon ikimlowesha kola. Sutapa alisoma akiwa amesimama, akacheka sehemu ambazo si za kuchekesha, akasema, "Kijana wa mashetani atasubiri mwakani."

Toleo likatoka. Bhabatosh alikaa nyumbani akingoja Haradhan aje na ugomvi. Maneno ya kumjibu alikuwa ameshayapanga, tena makali. Haradhan alikuja na jarida kwapani na sanduku la peremende.

"Kaka, umeniua vizuri sana. Mke wangu amelia. Kwa kucheka, lakini machozi ni machozi. Midomo miwili! Nimenunua nakala za ukoo mzima. Na fundi ameongeza sanamu yangu pale mbele, kando ya simba anayepandwa na Mama Durga."

Bhabatosh alitazama yale maneno makali yaliyokuwa ulimini, akayameza, kisha akala peremende.

Jioni ya ufunguzi, kichochoro kilijaa mpaka ngazi za majirani. Haradhan, chini ya sanamu yake yenye midomo miwili, alimpandisha jukwaani, akamvika taji la maua na kuukamata mkono wake wasije wakatenganishwa.

"Mabibi na mabwana, fahari yetu hajawahi kufichua siri hii. Leo, mbele ya Mama Durga, tunamwuliza: ile sayari tukufu ya kimya uliipata wapi, kaka? Kwenye nyota? Ndotoni? Au ni mbingu zenyewe zilikunong'oneza?"

Akamsogezea kipaza sauti. Umati ukanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze kichochoro kikawa kimya kweli.

"Kwenye spika yenu," alisema Bhabatosh. "Ile ya dirishani kwangu."