Tone la Nyongeza

Mama wa maabara hapa Kahama hunawa mpaka viwikoni, kisha huziamkia kwa Kisukuma chupa zake za seli za tumbaku: "Mwangaluka!" Huzidondoshea homoni ya kiwandani ya kuzikuza, huku midomo ikihesabu kimyakimya, matone mawili kila chupa. Leo chupa moja imegeuka kahawia, na kipimo cha kimeng'enya chake, dalili ya seli kuumia, kimepanda kuliko cha zote. Mtafiti Zakia ameshaandika chanzo daftarini: "uchafu".

"Futa, mwanangu," Mama anamwambia. "Niliiona imedumaa, nikaiongezea tone moja, kama nyongeza ya sokoni. Huruma yangu ndiyo imeiunguza."

Zakia anasita; kosa hilo humfukuzisha mtu kazi. Mama anachukua kalamu mwenyewe, anaandika "matone matatu", anatia sahihi, kisha anakwenda kunawa tena, mpaka viwikoni.