Nilivyochagua Bima kwa Kucheka

Wakuu, mwaka jana mwezi wa saba niliingia sebuleni kwangu hapa Iguguno, nikamkuta mke wangu anasalimiana na gunia la alizeti.

"Karibu sana baba mchungaji," anasema. "Chai iko jikoni, naleta."

Gunia kimya.

Nikamuuliza, "Mama Rebeka, mchungaji yuko wapi?"

Akasogea, akaligusa gunia. Halafu akakaa chini akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka, ikabidi nijifanye nakohoa.

Kituo cha afya wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limekomaa. Afanyiwe upasuaji mapema. Akichelewa, jicho linaweza kufa kabisa.

Sasa mnijue. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mnyiramba, nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Mimi na mke wangu tuna kadi ya bima ya wastaafu. Ila niliidharau hiyo kadi. Niliiona ni ya panadol na foleni.

Kilichoniponza ni mwenzangu Melkizedeki. Alistaafu juzi tu, akakata bima ya nyongeza kwenye kampuni binafsi, na kila Jumapili baada ya ibada lazima aitaje. Nikasema haiwezekani Melkizedeki atibu mafua kwa bima ya nyongeza halafu jicho la mke wangu litibiwe kwa kadi ya kawaida.

Nikampigia wakala wa kampuni hiyo. Akaja na pikipiki kutoka Singida mjini, mtu wa miaka arobaini hivi, anaitwa Damiani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Ihanja."

Hapo ndipo akili yangu ilipofunga duka.

Ihanja ni kwa Wanyaturu. Kwa msiojua, Mnyiramba na Mnyaturu ni watani. Tukikutana ni kutupiana maneno tu, hata msibani, na ukikasirika unaonekana mshamba. Chochote atakachosema mtani, wewe unacheka na kurudisha kikali zaidi.

Damiani akafungua simu yake, akaanza kunielekeza. "Mwalimu, nikuambie mapema. Kwenye hii bima kubwa, macho hayaguswi mpaka mwaka mmoja upite."

Nikacheka. "Mwaka? Ninyi watumwa wetu mlijua lini kuhesabu miaka?"

Naye lazima ajibu. "Kuhesabu tuliwafundisha sisi. Mkaishia kuhesabu ng'ombe wetu."

Nikapiga mapaja. Nikasema huyu kijana ni mtu.

"Ila kweli mwalimu," akaendelea, "kadi yako ya ustaafu inalipia jicho. Usinunue hii kwa ajili ya jicho."

"Aa, umeona kandambili zangu ukajua sina kitu? Mnyaturu unamhurumia Mnyiramba?"

"Basi chukua ile ndogo, ya miwani na meno."

Wakuu, mimi meno ya mbele nimebakiza machache. Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Nikaona mtani kanipata pabaya.

Mke wangu akasema kutoka jikoni, "Baba Rebeka, mimi nimemsikia anasema mwaka."

"Huyo ni Mnyaturu, mama. Ndiyo kazi yake."

"Macho ni yangu, nauliza tu."

"Tulia. Mambo ya utani niachie mimi."

Nikachukua bima kubwa kuliko zote. Nikalipa palepale, kutoka kwenye kiinua mgongo changu. Damiani akaniangalia sana, akauliza, "Mwalimu, una uhakika?" Nikamwambia mtumwa hamuulizi bwana wake. Akasema basi nisubiri anipigie.

Alipiga kweli, zaidi ya mara moja. Kila akipiga namwahi, "Vipi, mmeshaanza kuoga huko?" Nacheka, nakata simu. Nilijiona mjanja balaa.

Mama Rebeka sasa alikuwa anapapasa ukuta kwenda chooni. Nikaona habari ya kusubiri simu haina maana. Nikavaa suti, nikampeleka hospitali ya macho mjini.

Dada wa mapokezi akabofya, akabofya tena. "Mzee, jina lako halipo kwenye hiyo bima."

"Angalia vizuri mwanangu. Ile kubwa kuliko zote."

"Halipo, baba."

Foleni nzima inanitazama. Nikampigia Damiani, na kwa hasira nikaweka sauti ya nje ili watu wasikie mwizi anavyojieleza.

"Bima yangu iko wapi?"

"Bado sijaipeleka ofisini, mwalimu."

"Fedha yangu umekula?"

"Ipo. Nakuja."

Alifika haraka, kofia ya pikipiki bado kichwani. Safari hii hakutania. Alimwamkia mke wangu kwanza, ndipo akanigeukia.

"Mwalimu, nilikwambia ukweli, ukawa unacheka. Nikajua hujanisikia. Ningeipeleka, fedha yako isingerudi, na mama angekaa mwaka mzima anasubiri jicho. Nikaona niishike kwanza nikupigie. Ukawa unaniuliza habari za kuoga."

Niliona aibu, halafu nikaogopa, maana nilielewa kwamba nusura nimpofushe mke wangu ili nimkomeshe Melkizedeki.

"Na kadi ya wastaafu?" nikauliza taratibu.

Mama Rebeka alikuwa ameshaitoa kwenye mkoba, anapapasa kaunta aiweke. Dada akaipokea, akabofya mara moja. "Hii iko sawa, mama. Daktari atakuona leo."

Alifanyiwa upasuaji wiki hiyohiyo, la kulia kwanza. Walipofungua bandeji alinitazama. Nikamuuliza anaona nini.

"Namwona mwalimu wa hesabu," akasema, "aliyeshindwa kuhesabu mwaka mmoja."

Wauguzi wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa na furaha kuliko siku niliyooa.

Fedha yangu ilirudi yote. Baadaye nikamwita tena Damiani, nataka bima ya nyongeza kwa akili timamu. Akaja na mfanyakazi mwenzake, Chediel, Mpare, asiye na utani na mtu yeyote katika nyumba hii.

Chediel akakaa, akasema maneno yaleyale ya Damiani. Macho ni baada ya mwaka. Kadi ya ustaafu inalipia hiki na kile. Chukua ile ndogo, ya miwani na meno.

Nikaelewa yote. Hata la meno sikucheka.

Damiani alikuwa amekaa pembeni anakunywa chai. Nilipomaliza kulipia ile ndogo akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia, "Umeona? Hawa watu wanahitaji mkalimani."

Wastaafu wenzangu, bima msiulize kwa mtu mnayecheka naye. Na kama hakuna mwingine, basi muulizeni mara ya pili, wakati nyote wawili mmenyamaza. Mimi nilifundisha watoto wa watu kusikiliza darasani, na nimekuja kujua kusikiliza nikiwa na kadi ya uzee mfukoni.